Sauti ya Mama Uliyoipeleka Jukwaani

Mdogo wangu Salum,

Najua huko Marekani wanakuita Sal, lakini mimi nilikupangusa kamasi hapa Ibra, Uarabuni, kwa hiyo utanistahamilia.

Tumekufuata tangu ulipoanza. Kwenye filamu yako ya kwanza ulikuwa maiti, na Mama aliwaita majirani waje wakuone ulivyolala. Kisha ukawa gaidi, ukawa dereva wa teksi, ukawa gaidi tena mwenye ndevu ndefu zaidi, na kila mara ulikufa filamu haijafika nusu. Hatukukucheka. Mama alisema, "Wallahi anakufa vizuri, mashaallah."

Sasa umekuwa bwana mkubwa wa jukwaa. Unasimama peke yako saa nzima, umejifunga kanga, umepinda mgongo, unaongea kama Mama: nusu Kiarabu, nusu Kiswahili, akimweleza daktari wa Nizwa maumivu yake. Ukumbi mzima unaangua kicheko. Mwanangu alituonyesha kwenye simu, nasi tumekaa na Um Khalfan, jirani yetu, tunakunywa kahawa. Mama alitazama mpaka mwisho.

"Ndivyo nisemavyo mie?" aliuliza.

Um Khalfan akamjazia kikombe.

Tangu siku hiyo akaacha kusema mbele za watu. Akija mgeni, anaitikia kwa kichwa. Soko la wanawake la Jumatano, ambalo hakulikosa hata akiwa na homa, akawa ananituma mimi. Na wewe unawaambia waandishi wa habari kwamba sanaa ulifundishwa chuoni, nyumbani kwenu hapakuwa na mtu aliyejua kuigiza. Mwongo mkubwa we! Umesahau ulipokuwa mdogo, ukiingia soko lile umeshikilia abaya ya Mama? Wanawake wa sokoni walimcheka kwa Kiarabu chake cha Unguja, naye akacheka nao. Tukirudi, kwenye sinia la wali, aliwaigiza mmoja mmoja: yule anayesugua kitambaa kwa kidole, yule anayeapa kwa kila bei. Wewe ulisahau kutafuna. Yeye aliwaigiza waliomcheka. Wewe umemwigiza aliyekulea, mbele ya watu wasiomjua.

Wiki iliyopita ulileta ujumbe wa sauti, kwamba unakuja na mpiga picha umrekodi Mama, eti unatafuta asili yako. Na hicho Kiswahili chako, Salum! Kinatoka puani kama cha mtu mwenye mafua. "Mamaa, yaani, mimi nakupenda saana, okee?"

"Rudisha," Mama akasema. Nikarudisha. Alisikiliza mara tatu. Kisha akainuka, akavaa miwani yangu ya jua, akatoa kifua mbele, akamgeukia Um Khalfan, aliyekuja kunywa kahawa: "Mamaa, yaani, mimi nakupenda saana, okee?" Akamkumbatia huku anajitazama kwenye kioo cha kabati. Um Khalfan alimwaga kahawa. Mimi nilicheka mpaka machozi, halafu nikalia kweli, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake ya kuigiza.

Jumatano alikwenda sokoni mwenyewe. Alikuigiza kwa muuza vitambaa, akakuigiza kwa muuza ubani, kisha akaitwa tena kwa muuza vitambaa, kwa kuwa dada wa muuzaji huyo hakuwepo mara ya kwanza.

Basi njoo. Kamera iache huko huko. Na ukipita karibu na soko, usishangae wanawake usiowajua wakikusalimu kwa sauti yako.

Ni mimi niliyekupangusa kamasi,
Dada yako