Chuma Kilipopoa Ainabkoi

Wanjiru mjukuu wangu,

Hapa mtaani Pioneer tuko salama, na cucu, nyanya yako, ameshavuna viazi. Umeniuliza ufanye nini chuma chako cha kulehemu nyaya, kile cha betri, kikipoa kazini, mwenye shamba akikutazama.

Nikiwa kijana, changu kilitumia betri ya trekta ya shamba nilikoitwa. Siku moja huko Ainabkoi kilipoa nikitengeneza redio ya mama mmoja mwenye shamba. Kwa aibu nikabandika waya hivyo hivyo, nikamwambia imepona. Kabla sijafika getini, redio ikanyamaza. Nikarudi.

"Mama, betri ilipungua nguvu. Niliogopa kukwambia."

"Si ungesema tu? Kaa unywe chai, trekta iwashwe betri ijae."

Nililehemu upya bila kuogopa macho yake, na redio ikaongea. Wanjiru, watu hukungojea zaidi ya unavyofikiria.

Guka wako