Dungu Lenye Bati Jekundu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kompyuta imeganda tena kabla hata ya chai. Nassib ni bosi wangu na namheshimu, lakini kichwa chake kigumu! Bado anataka kulifungua lile lipicha lote kwa mkupuo, kama picha ya harusi. Bonde lote la upande wa Mngeta limo mle, huku na ng'ambo ya mto, lilipigwa na droni ya mradi wa mpunga mwaka jana. Halifunguki. Nimemwambia kwa mara ya mia: halifunguliwi, linakatwa. Unaingia kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unaandika gdal_translate, kisha namba nne — uanzie wapi kutoka kushoto, wapi kutoka juu, upana, urefu — kompyuta inakukatia kipande chako bila kugusa kingine. Kila kijiji kipande chake. Mimi ndiye fundi cherehani wa ofisi.

Nimerudi nyumbani Kibaoni nikamkuta baba mdogo Stanislaus sebuleni. Jumamosi ndiyo siku, padre amekubali. Tutazika nguo za kaka Kassian, maana mwili hatuna. Mama akasema sawa. Amekubali kwa sababu moja tu. Baba mdogo ameapa tena kwamba wakati wa mafuriko ya mwaka jana alikwenda peke yake na mtumbwi mpaka kwenye dungu la Kassian, lile alilokuwa analala juu yake msimu wote akifukuza ndege kwenye mpunga, akakuta maji yamelibeba. Hakuna hata nguzo. Aliyekuwa humo hawezi kuwa mzima.

Nilikwenda jikoni nikalia. Kaka yangu, tunazika shati!

Jumanne, 10 Juni

Kosa la kijinga leo. Nilitaka kipande cha kijiji kimoja cha Mngeta, nikahesabu kutoka chini kwenda juu. Ndivyo tulivyozoea sisi wa ramani za karatasi. Picha inahesabiwa kutoka juu kushuka. Basi nikaangukia kusikohusika, huko majaruba ya mpunga ya karibu na mto ambako hatuna kazi. Nilikuwa naelekea kufuta.

Bati jekundu.

Moja tu, katikati ya paa la nyasi. Lilibaki tulipoezeka nyumba ya mama. Kassian akaling'ang'ania, akaenda nalo shamba juu ya basi, konda akimtukana njia nzima. Bonde lile hakuna mwingine mwenye kichaa cha kuweka bati moja jekundu juu ya dungu. Ni lake.

Na kuna mtu amesimama.

Nimeandika neno hilo, nimelikata, nimeliandika tena. Mtu. Yuko ukingoni mwa dungu, shati jeupe, au fulana. Nimezima kompyuta nikamwambia Nassib kichwa kinauma. Sikudanganya.

Jumatano, 11 Juni

Nimekata kipande kidogo zaidi, kisha kidogo zaidi ya hicho. Ukizidi kukata, mtu anaisha — vinabaki viraba vya rangi, cheupe, cheusi, cha udongo. Nikirudi kwenye kipande kikubwa, anasimama tena. Asubuhi yote nimekuwa namuua na kumfufua. Mkono mmoja ameuinua.

Kinachonitisha ni hiki: hana kivuli. Miti ina vivuli. Ng'ombe wa Wasukuma kule juu wana vivuli, vyote vimelala kushoto. Yeye hana. Nimesali Baba Yetu kimoyomoyo pale pale mezani, mtu mzima na shahada yangu.

Mwishowe nikamwita Nassib. Sikumwambia pale ni wapi. Akacheka, akasema ukikuza sana utamwona hata bibi yako. Halafu akavaa miwani na kicheko kikakoma. Alinionyesha kwa kalamu mstari mwembamba mno, unapita katikati ya dungu, miguuni kwa mtu yule. Lipicha lile ni picha nyingi zilizoshonwa pamoja, za siku tofauti. Kushoto kwa mstari ni mpunga, kijani, pakavu. Kulia ni rangi ya chai ya maziwa. Maji matupu. Kushoto droni ilipita kabla ya mafuriko, kulia ilipita maji yakiwa yameshajaa. Mtu huyu yuko kulia. Kivuli chake kiliangukia kushoto, na huko kikafunikwa na picha ya siku nyingine.

Kwa hiyo si mzimu. Ingekuwa heri angekuwa mzimu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Nassib kila kitu. Akampigia Maximilian, kijana aliyekuwa anarusha ile droni, siku hizi yuko Morogoro. Akatafuta kwenye mafaili yake, akajibu: upande ule wa kulia waliurusha Jumatatu, siku jua lilipotoka.

Naijua Jumatatu hiyo. Jumapili ya kabla yake, jioni, ndipo baba mdogo aliporudi kutoka huko kwenye dungu, akatuambia tuache kutafuta.

Nikamnyang'anya Nassib simu. Nikamuuliza Maximilian kama walimwona mtu.

"Dada, sisi hatukuwa tunaangalia watu. Tulikuwa tunaangalia mpunga."

Simlaumu. Picha zinajipiga zenyewe na kuingia kwenye diski, nani atazikagua moja moja? Lakini Kassian aliinua mkono. Droni ikapita juu yake, akajua ameonekana. Akakaa kutusubiri! Hilo ndilo linalonila. Alikuwa anatusubiri, sisi tuko nyumbani tunapokea pole.

Ijumaa, 13 Juni

Mama anapiga pasi nguo za kuzika. Shati la kitenge, suruali ya kanisani. Anasema afadhali mwanawe alikwenda upesi, hakuteseka.

Nilimshikia kola ainyooshe.

Nimekichapa kipande kile ofisini. Kiko ndani ya blauzi yangu.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika haraka, nimejifungia chumbani. Uani watu wamejaa, kaburi limeshachimbwa.

Nilimwita baba mdogo nyuma ya jiko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, vizuri tu, kama kila siku. Nikampa karatasi bila maelezo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yake — hiki nini, hapa wapi, huyu nani. Maana ile karatasi haina jina wala kijiji. Ni paa na maji na doa jeupe. Mgeni angedhani printa imeharibika.

Hakuuliza. Aliishika mbali na macho, akaitazama sana, akakaa juu ya kuni na suti yake.

"Mama yako ameiona?"

Nikasema bado.

"Mkondo ulikuwa mkali, Resti. Nilimwambia nitarudi na watu."

Basi. Akanirudishia karatasi, akajifuta uso, akaenda kuungana na wanaume. Mimi nikakimbilia humu chumbani. Aliongea naye! Kwa hiyo alimkaribia kiasi cha kusikilizana. Akarudi kwetu akasema hakuna hata nguzo.

Niseme? Mama alilala vizuri jana, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nisiposema, nitaishije na mtu yule mwenye mkono juu?

Mama anagonga. Ananiita nitoke, padre amefika, watu wananisubiri mimi tu. Anasema baba mdogo ameomba nguo za Kassian azibebe yeye. Sauti ya mama ina shukrani. Anagonga tena. Karatasi ninayo mkononi. Nafungua mlango.