Vitambaa vya Sketi Yangu

Jumatatu, 5 Januari 2026

Ni mimi niliyefunga vile vitambaa.

Sijamwambia mtu. Si Mama, si rafiki yangu Ruthu. Hata Mungu sijamwambia vizuri — jana kanisani nilipofika hapo nikaruka, nikaombea mvua.

Vitambaa vya bluu, kwenye visiki vya shamba la juu la kina Ruthu. Nilikata sketi yangu ya shule, siku tatu baada ya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Vipande arobaini na viwili. Nilipanda kilimani kabla Mama hajawasha jiko. Kila kisiki nilichagua chipukizi mbili zilizonyooka, nikakata nyingine, nikafunga kitambaa. Ndivyo tulivyofundishwa klabu ya mazingira. Kisiki hakijafa, mizizi iko hai chini, ukikichunga miaka michache unapata mti bila kumwagilia hata kikombe. Kitambaa ni alama. Kikishafungwa, hakuna anayegusa. Ni sheria ya kijiji chetu.

Visiki vilikuwa arobaini na kimoja. Kitambaa kilichobaki ndicho kinachoshika ukurasa huu.

Ila sheria ina nusu nyingine. Kitambaa hufungwa na mwenye shamba, mbele ya mjumbe wa kamati ya mazingira. Nilitakiwa niende kwa Mama Ruthu nimwambie: naomba nikuchungie visiki vyako. Maneno manne. Nimekula ugali kwake tangu sijaota meno, na maneno manne yalinishinda. Nikajiambia itakuwa zawadi. Wataviona wenyewe, watafurahi.

Leo viongozi wa kijiji wamechukua shoka la Mama Ruthu na baiskeli yake. Viko ofisi ya kijiji. Kosa: amekata visiki vyenye alama.

Jumanne, 6 Januari

Ruthu amekuja asubuhi, macho yamevimba. Tumekaa nyuma ya jiko tunachambua mlenda. Amenieleza yote, nami nikawa nasikiliza kama mtu asiyejua.

Mama yake aliviona vitambaa kabla ya Krismasi. Alidhani watoto wamecheza. Lakini ni mtu mwangalifu, akaenda kwa Mzee Gerson, mjumbe wa kamati ya mazingira, akamuuliza mlangoni kwake. Mzee Gerson akamjibu, sisi kule hatujafunga kitu, kata mama, ni mali yako.

Hakukata. Alisubiri mvua. Mvua ikanyesha mara mbili ikakatika, na uwele wao umekauka haujafika hata magotini. Baada ya mwaka mpya ndipo akapanda na shoka. Akakata, akapanga, akafukia udongo, akachoma katanuri kadogo ka mkaa. Jana bwana misitu wa wilaya akaja na wageni kuwaonyesha kilima. Wakakuta vitambaa vimelala chini na tanuri linafuka.

Na Mzee Gerson, aliposimamishwa mbele ya wageni, akasema vitambaa ni vya kamati.

Kwa nini aseme hivyo? Ruthu anajua, amesikia kwa karani wa kijiji. Mwishoni mwa Desemba, mama yake alipokuwa ameshauliza, bwana misitu alipita barabarani na pikipiki, akaona bluu kule juu, akaja kumpongeza mzee. Mzee akapokea pongezi. Akaviandika kwenye taarifa. Sasa atavifuta vipi?

"Mzee mzima," Ruthu akasema, "anamwangalia mama usoni anasema hajawahi kuulizwa kitu."

Jumamosi ni mkutano wa kijiji. Mama Ruthu akionekana ana kosa, shamba la juu litaingizwa kwenye hifadhi. Hawana jingine. Lile la bondeni aliloacha marehemu baba yake Ruthu limeliwa na korongo, kila masika kipande.

Kisha Ruthu akatupa mlenda kwenye ungo, akasema, "Nikimpata aliyefunga, namtwanga kama uwele. Mtu gani mwenye akili anaenda kuvalisha visiki vya watu nguo?"

Nikacheka. Hicho ndicho nilichofanya. Nikacheka naye.

Jumatano, 7 Januari

Bango langu la maandamano sasa ni mlango wa banda la kuku. TUACHIENI KESHO YENYE KIVULI. Herufi za kijani zimebaki nusu, nyingine kuku wamezidonoa.

Juni mwaka jana, Siku ya Mazingira. Shule yetu na nyingine kadhaa zilipelekwa Dodoma mjini. Basi lilitoa moshi mweusi njia nzima kutoka huku Mvumi, na sisi ndani tunaimba kuhusu hewa safi. Nilishika bango mbele ya uso wangu ili nisionekane. Ruthu alipaza sauti hadi ikamkauka, akawa anaimba kwa midomo tu. Mama mmoja muuza karanga akasema, watoto wazuri, mkishaokoa dunia pitieni hapa mnunue. Mwanamume wa kwenye kibanda cha simu akauliza, na mkirudi nyumbani mtapikia nini, jua? Tulicheka. Baadaye tukagawiwa maji ya chupa, na tulipomaliza barabara ilikuwa nyeupe kwa chupa. Mimi na Ruthu tuliokota hadi dereva akapiga honi.

Njiani kurudi niliwaza: nani ametusikia? Nikaamua basi, nitaanza mimi. Nikaacha mifuko ya plastiki. Nikaacha bodaboda, nikawa natembea. Nikakataa kupikia mkaa, wiki mbili nikapikia mabua. Mama alikohoa sana. Akaniuliza, moshi wako na wa mkaa, upi unataka uniue? Nikarudi kwenye mkaa. Mkaa wenyewe tunanunua kwa Mama Ruthu.

Sare za Ruthu, daftari zake, nauli yake ya maandamano — yote ni mkaa. Alipokuwa akiimba dhidi ya mkaa alijua. Alisema usiku ule: lakini Evelina, mama naye angependa kufanya kazi nyingine.

Mimi nilisikia hilo neno. Kisha nikaenda kufunga vitambaa bila kumuuliza mtu.

Nilitaka kujua kama mtu mmoja anaweza kubadilisha kitu. Nimejua. Anaweza.

Alhamisi, 8 Januari

Nimekwenda kwa Mzee Gerson. Nilifanya mazoezi ya kusema njia nzima.

"Shikamoo."

"Marahaba, msomi. Matokeo lini?"

"Bado, babu. Mwisho wa mwezi."

"Umefuata nini?"

Nikaomba maji ya kunywa. Akaniletea mwenyewe, kwenye kikombe cha bati. Alipiga miayo mara mbili. Nadhani naye halali. Nikanywa yote, nikashukuru, nikaondoka.

Ijumaa, 9 Januari

Mama amejua.

Jumanne ijayo mdogo wangu Angelina anaanza kidato cha kwanza, shule ileile. Mama akafungua sanduku kutafuta sketi yangu aipunguze kiuno. Nikasema nilimpa mtu. Akasema, mtu gani? Nikanyamaza. Ninaponyamaza Mama hujua, kwa sababu ni tofauti na kimya changu cha siku zote.

Akainua godoro. Mkanda wa kiuno ulikuwa pale, na jina langu alilolishona mwenyewe kwa uzi mwekundu nilipoingia kidato cha kwanza. EVELINA. Chini ya mkanda nyuzi tupu.

Akauangalia. Kijiji kizima kimeona vitambaa, bwana misitu amevitundika msumarini ofisini, na kitambaa kile cha tetroni ya bluu, kilichopauka magotini na makalioni, hakihitaji shahidi.

"Angelina, nenda kaniletee chumvi kwa jirani," akasema. Chumvi ilikuwepo.

Tulipobaki wawili akauliza swali moja tu. "Ruthu anajua?"

Nikatikisa kichwa.

Akaenda jikoni. Nikamfuata. Akaweka mkanda juu ya makaa. Haukuwaka. Uliyeyuka, ukajikunja, ukatoa harufu mbaya, na jina langu likaondoka herufi moja moja kuanzia mwisho. Mama akawa anausukuma kwa kijiti.

Nikasema, Mama, shamba lao.

Akasema, "Mama Ruthu ni mtu mzima, amevuka mengi. Wewe ukisimama kesho, utaitwa uliyeharibu mali ya mtu ukadanganya serikali. Baba yako yuko sokoni Kibaigwa anapakia magunia mgongoni ili wewe uende kidato cha tano. Umenielewa?"

Nikawa naangalia kijiti chake.

"Evelina. Umenielewa?"

Nikasema ndiyo. Akaweka sufuria ya ugali palepale juu. Alikuwa analia, lakini alisonga kama kawaida.

Sahani yangu nilimsogezea Angelina. Nilikuwa nakiona kile kilima. Kitu kimoja hakinitoki: nilipitia pale jana nikitoka kwa Mzee Gerson. Visiki vitatu au vinne vimeshaanza kutoa majani upya. Madogo, mekundu kidogo. Bila mvua, bila kitambaa, bila mimi.

Jumamosi, 10 Januari

Saa tatu na nusu. Mkutano ni saa nne. Ngoma ya kuita watu imeshapigwa mara moja.

Ruthu yuko uani. Nawasikia kupitia dirisha.

Amemwamkia Mama. Mama amemwambia Evelina anaumwa kichwa, amelala.

Nimesikia Ruthu akivuta kigoda. Kisha: "Pole yake. Basi namsubiri kidogo, mama mkubwa, labda kitapoa."

Sasa anagonga dirisha taratibu, kwa kucha, kama tulivyokuwa tunaamshana kwenda shule.

"Eve. Najua hupendi watu wengi. Huna haja ya kuongea, mimi nitaongea. Wewe kaa tu karibu yangu nikushike mkono."

Mama naye ameita, kwa sauti ile ya chini. Evelina, lala.

Nimeshavaa viatu. Sijui nilivivaa saa ngapi.

Nimekichomoa kitambaa kwenye ukurasa. Ni kidogo kuliko nilivyokumbuka. Kiko ngumini, mkono wa kushoto. Ruthu hunishika wa kulia.

Daftari, wewe na mimi hatujui kusema mbele za watu. Kaa hapa chini ya godoro. Nikirudi mikono mitupu, kitambaa nimekiacha mkutanoni, hutakuwa na cha kuficha tena. Lakini nikirudi bado ninacho, nakuomba, usimwambie mtu. Hata Ruthu. Hasa Ruthu, hata akikukuta siku moja akakufungua akidhani —

Ngoma ya pili.