Kijana wa Aina ya Baridi

Kanyakine, Jumamosi, 1955

Kitabu changu cha tabia za watu hakiwezi kuwa kimekosea. Kinasema watu ni wa aina nne, na mtu wa aina ya baridi hukaa kimya kama jiwe. Leo Mutwiri, anayemposa binti yetu Karimi, amekaa kwangu mchana kutwa bila neno. Nimemchokoza kwa habari za kanisa, za kahawa, hata za serikali. Anatazama miguu yake tu. Mjomba wake ndiye anayejibu.

Nikatangaza kwamba Karimi haolewi na mtu wa baridi.

"Baba Karimi," mke wangu akasema, "tangu lini kijana akaropoka mbele ya baba mkwe siku ya kuleta miraa ya posa? Wewe kwetu ulisema nini?"

Siku ile kwao sikufungua mdomo. Baba yake alidhani mimi ni bubu.

"Na wa aina ya moto je?" akauliza.

"Hubishana na kila mtu."

"Aa! Tunamjua."

Nikapiga meza nikikana. Hata Mutwiri akacheka.

Juzi askari wanaosaka Mau Mau walitupanga foleni, wakatugawa: weupe wasio na hatia, weusi waliokula kiapo, wa kijivu wanaoshukiwa. Mimi nikawa wa kijivu, nikafoka kwamba watu si maharagwe ya kuchambuliwa. Leo nimewafanyia kazi yao nyumbani kwangu, tena bila mshahara.

Wageni wameondoka mapema kwa sababu ya kafyu ya usiku, wakaacha kitita cha miraa mezani. Kwa desturi yetu, baba wa msichana akiitafuna, amekubali posa.

Nimeonja kijiti kimoja tu. Karimi alikuwa anachungulia mlangoni. Sasa yeye na mama yake wanapiga vigelegele jikoni.