Mfanyakazi Hodari Hahamishwi

Mei Mosi, jioni

Na mimi nilidhani namfanyia wema.

Mwajuma ndiye muuguzi wangu pekee hapa zahanati. Mama yake amepooza huko Tanga, na kwa miaka minne sasa anaomba uhamisho akamuuguze. Majuzi nilimpendekeza awe mfanyakazi hodari. Niliandika kwamba bila yeye zahanati ingefungwa. Nilitaka angalau siku moja watu wampigie makofi.

Leo kwenye sherehe ya wilaya mjini Katesh wamempigia kweli. Amepewa cheti chenye fremu, akapigwa picha na wakubwa. Sherehe ilipoisha alimfuata afisa utumishi kuulizia ombi lake. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia yote.

"Uhamisho gani tena, sista?" Yule bwana alikuwa anacheka. "Bosi wako mwenyewe ameandika kwamba bila wewe zahanati inafungwa. Ombi tumelikataa. Mtu hodari hatumwachii."

Mwajuma akamwambia asante. Asante!

Njiani kurudi alikipakata kile cheti hadi tulipopita Nangwa. Kisha akaniuliza taratibu, "Dada, nilikwambia kwamba mama hawezi tena kumeza?"

Hakuwa ameniambia. Nikamwahidi kwamba kesho nitaandika barua nyingine, niseme tunaweza kabisa kuendelea bila yeye.

"Hawatakuamini," alisema.

Tulipofika tulimkuta mjamzito barazani, uchungu umeshamshika, anamng'ang'ania mama mkwe wake. Nilimwangalia mara moja tu, nikaona mtoto amekaa vibaya.

Nikamwita Mwajuma.