Mali Binafsi

Jumatano, Igogo. Mvua imekatika tangu asubuhi.

Bima hawalipi.

Naandika hivyo nione kama itaniingia akilini. Jumapili pikapu yetu ilipinduka kwenye matope pale Buhongwa, imejaa magunia ya dagaa ya mteja wa Shinyanga. Masanja, dereva wetu, alitoka na michubuko tu, namshukuru Mungu. Lakini chesisi imepinda, na fundi alitikisa kichwa kwa namna ambayo sikuipenda. Hata hivyo usiku nililala vizuri. Kwa nini nisilale? Nina bima kubwa, si ile ndogo ya kumridhisha trafiki. Nilikuwa hata nawatambia majirani.

Leo nimekwenda ofisini kwao, moja ya hizi kampuni mpya zilizofunguliwa mjini tangu watu binafsi waruhusiwe kufanya biashara ya bima. Kijana mmoja mpole ameniamkia, akaniuliza gari lilikuwa limebeba nini. Nikamweleza yote, na dagaa, na mteja, na malipo ya kusafirisha. Akaniangalia kwa huruma.

"Mama, hii gari uliikatia bima ya matumizi binafsi."

"Ndiyo. Ni yangu binafsi."

"Binafsi kwetu ni kwenda kanisani, sokoni, kusalimia ndugu. Ukibeba mzigo wa mtu akakulipa, hiyo ni biashara. Bima yake ni nyingine."

"Lakini na biashara yenyewe ni binafsi, baba."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Siku niliyokata bima naikumbuka vizuri. Wakala wao alikuja hapa nyumbani, akauliza gari ni la matumizi gani, nami nikamjibu "Binafsi" huku nimeinua kidevu. Miaka yote niliyokuwa karani kwenye kiwanda cha pamba nilipanda magari yaliyoandikwa Mali ya Umma mlangoni. Walipotupunguza kazi, kiinua mgongo changu chote kikaishia kwenye pikapu hii, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwita mchoraji aandike mlangoni MALI BINAFSI, kwa rangi nyekundu. Redioni kila siku ilikuwa binafsi, binafsi. Nilidhani ndilo neno la wafanyabiashara.

Nina hasira. Yule wakala aliona magunia yakipakiwa mbele ya macho yake, akaandika tu nilichosema. Na mimi nikajibu kwa maringo, sikuuliza hata neno moja.

Jioni nimepita gereji. Masanja alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu.

"Shikamoo mama. Nirudi kazini lini?"

Nimemwambia kesho nitamtafuta yule wakala, nimwombe akaseme ofisini kwao alichokiona hapa nyumbani. Sijui kama atakubali. Asipokubali, sijui tutakula nini, mimi na wanangu, na Masanja na wake.

Upande mmoja wa pikapu umebonyea wote. Mlango wa dereva haukuguswa kabisa, maandishi bado yanang'aa.

Sasa ndiyo imekuwa gari binafsi kweli. Haibebi mzigo wa mtu.