Mafuta ya Mugure

Jumatano, 8 Agosti 1951

Dada yangu Nyakio amewasili kutoka Ndabibi kwa arusi ya binti yangu Mugure. Ameleta kibuyu cha mafuta ya mbarika, aliyoyakamua mwenyewe. Nilimwuliza kwa upole ni ya nini. Akasema najua vizuri sana: mama yake Mugure angalikuwa hai, angalimpaka bi arusi mwenyewe, sasa atampaka shangazi yake. Kanisa letu limekataza mila hiyo. Marehemu mke wangu Wangeci angalipata neno la kumjibu.

Alhamisi, 9 Agosti

Gari langu kuukuu, litakalombeba bi arusi, linarukaruka kama mbuzi. Shokomzoba, zile za kuzuia mtikiso wa magurudumu, zimekauka mafuta. Fundi wa mjini amesema mafuta yake hayapatikani mpaka wiki ijayo. Zamani, akasema, watu walitia ya mbarika.

Nyakio alikuwa ameenda kuteka maji. Nilichukua kibuyu chake, nikafuta matope kwenye shokomzoba, nikafungua skrubu, nikamimina polepole, nikisukuma mkono wake wa chuma juu na chini mpaka mapovu yakaisha. Mbele, kisha nyuma. Kibuyu kitupu.

Mungu anirehemu — sikuyachukua kwa ajili ya gari tu. Nilifurahi kwamba jambo la mila limeondoka nyumbani bila ugomvi.

Ijumaa, 10 Agosti

Nyakio amejua. Nilimweleza kwa maneno mengi ya adabu. Akakitikisa kibuyu.

“Umelipaka gari, Ephantus? Basi ozesha gari!”

Majirani walicheka. Mugure hakucheka. Aliuliza tu: “Yote, Baba?”

Yote.

Nilijitolea kununua mengine dukani. Nyakio akasema ya dukani ni ya kuharisha.

Jumamosi, 11 Agosti

Wageni wamefika, na wazee wenzangu wa kanisa. Nyakio ameketi langoni, ametupa mgongo. Mugure, na shela lake, amekataa kupanda gari. “Mwombe shangazi msamaha, Baba. Hapa hapa, mbele ya watu.”

Wazee wakauliza kuna nini. Nikawaambia — mimi! — gari lina hitilafu kidogo. Mmoja wao akalikandamiza gari kwenye boneti. Likashuka, likapanda mara moja, likatulia. “Mbona liko sawa kabisa, mzee?” akaniuliza.

Niliomba radhi, nikaingia chumbani kutafuta ufunguo. Uko mfukoni mwangu.

Mugure anagonga mlango. Dirishani namwona Nyakio anainuka na mzigo wake, ukanda wa kuubebea umekwisha kukaa kwenye paji la uso. Sina budi kutoka. Wazee watasikia kila neno. Watauliza mafuta hayo yalikuwa ya nini. Amefungua lango. Nimeshika kitasa, na bado naandika —